Na Kazi Nyinginezo

Mkataba wangu una kurasa nne.
Kuandika magogo yanayoingia na mbao zinazotoka,
kuandaa mishahara kabla ya tarehe ishirini na nane,
na chini kabisa, pale macho yalipokwisha kuchoka:
na kazi nyinginezo utakazopangiwa na mwajiri.

Kazi nyingine ina miguu minne.
Inaitwa Siogopi, na inaogopa radi,
pikipiki, na mwanamke yeyote aliyebeba beseni.
Saa kumi na mbili na nusu, Mafinga haijavua blanketi,
nyasi zina barafu nyembamba kama chumvi iliyomwagika,
nafika kwa bosi, nakabidhiwa kamba,
tunaondoka, kila mmoja akidhani anamtembeza mwenzake.

Watu wa Kinyanambo wamenicheka hadi wamechoka.
"Karani, leo nani kamfunga nani?"
Mama Tumwitike wa maandazi alinionea huruma:
"Mwanangu, na shule yote ile?"
Na shule yote ile, mama.
Stashahada ya uhasibu, Iringa, miaka miwili,
na sasa najua kinyesi cha siku njema na cha siku mbaya.

Mwanzoni nilivuta. Nilikuwa na haraka,
nilitaka tumalize, ninawe, niwe mtu wa ofisi.
Ukimvuta Siogopi anakaa. Anageuka mfuko wa saruji
wenye masikio. Ukilegeza, anakuja mwenyewe
kana kwamba lilikuwa wazo lake tangu jana.
Nikawakumbuka vibarua wa Jumatatu
na sauti yangu dirishani: haya, saini, saini, sogea!
(Sikuibadili siku ile. Niliibadili Novemba.)

Nguzo ya umeme mbele ya kanisa la Walutheri, ileile,
kila asubuhi anaisoma kama barua iliyofika sasa hivi.
Mimi daftari la mbao nalijaza nikisinzia:
mbili kwa nne, mbili kwa sita, moja kwa nane.
Siku moja nikajaribu kusoma kama yeye, pua karibu na karatasi,
nikakuta mbao mia mbili zimeandikwa mara mbili
na lori moja lisilo na namba.
Usidhani nilisifiwa.

Ila kuna mahali hapiti.
Pale kwenye banda la msumeno mkubwa, upande wa maranda,
anasimama, mkia unashuka, hanusi, habweki.
Mwezi wa tatu msumeno ule ulichukua vidole viwili
vya Benaya Mahenge,
aliyekuwa akimtupia mifupa ya mchana.
Taarifa niliiandika mimi. Nilisomewa, nikaandika:
uzembe wa mfanyakazi. Maneno matatu.
Kinga ya msumeno ilikuwa imevunjika tangu Krismasi,
na ombi la kununua nyingine lilikuwa kwenye faili langu,
limegongwa mhuri: LISUBIRI.

Leo nilimvuta. Akawa saruji.
Nikambembeleza kwa andazi. Akala andazi, akabaki saruji.
Basi nikasimama naye.
Ukungu ukatoka kwenye mipaina, ukatufikia magotini,
king'ora cha zamu kikalia, wenzangu wakapita kusaini,
nikachelewa kazini nikiwa kazini.

Bosi akauliza, "Amejisaidia?"
Nikasema ndiyo, yeye amejisaidia.
Mimi bado.

Nikafungua kabati, droo ya tatu,
nikalitoa ombi lile na mhuri wake wa zambarau,
nikatoa nakala mbili. Moja nikaikunja
nikaitia mfukoni, penye makombo ya andazi.
Benaya siku hizi anakaa Changarawe, nyumba siijui.
Siogopi anaijua.
Kesho nitalegeza kamba.