Fumua

Kioo kiliganda saa nne unusu asubuhi,
siku ya mwisho ya kujaza fomu za chuo.
Vijana kumi na wanane, foleni hadi kwa muuza viazi karai,
na mashine yaniambia kwa herufi za adabu:
"Leseni yako imekwisha."
Elfu kumi na nne kwa kila kompyuta.
Nazo ni tano.
Na kodi ya kibanda hapa Mwembe Kuku sijalipa bado.

Akaja Shekuwe, mtoto wa dada yangu,
na kidude cha ukubwa wa kucha
kikining'inia kwenye funguo za kwao.
Akachomeka. Akangoja. Akanywa chai yangu.
"Mwenyewe ni nani?" nikamuuliza.
"Hana."
"Kitu hakina mwenyewe, kimeibwa hicho."
Akacheka. "Kina wenyewe wengi mno, mama mdogo.
Hata wewe u mmoja wao. Fungua uone ndani."

Nikafungua. Mistari juu ya mistari,
kama upande wa ndani wa kofia,
pale nyuzi zinapokiri zilikopita.

Mamangu alishona kofia za vito.
Sampuli aliitoboa kwa sindano juu ya karatasi,
Bi Rukiya wa Kuze akaiazima,
akaongeza ua ubavuni,
ikarudi na ua.
Hakuna aliyesema: mshono huu nimekukodisha,
mwakani ulipe tena.
Wala kofia ya mtu haikumlegea kichwani
kwa kuwa jirani kavaa vito kama vyake.

Basi jioni, nikishafunga, nikawa natafsiri.
Tuko wengi: mwalimu wa Ujiji, binti wa Goma,
mzee mmoja wa Moroni, sijui hulala saa ngapi.
Hatulipwi. Neno moja twaligombania wiki nzima.
Kile kitufe cha kurudisha ulichokosea
wao walikiita "Tendua".
Nikaandika: tendua lanuka ofisi.
Mamangu akikosea tundu hakutendua kitu.
Alifumua. Alivuta uzi polepole,
kitambaa kikabaki kizima,
sindano ikaanza upya.

Mwalimu wa Ujiji akajibu:
"Fumua ni kuvuruga, dada.
Hufumuliwa mzinga. Hufumuliwa baraza la mawaziri."
Tukapiga kura.
Kumi na moja kwa watatu.

Nilinuna, sisemi uongo.
Siku mbili sikuwagusa.
Shekuwe akanitazama kama mtu atazamaye
mwenye nyumba aliyekaa barazani
akilalamika kwamba hakukaribishwa ndani.
"Si yako?" akasema.

Nikautafuta mstari ule.
Wa elfu mbili mia sita na arobaini na moja.
Nikafuta herufi sita, nikatia tano.
Hakuja askari. Haikuja barua ya wakili.
Na kwenye mashine tano za Mwembe Kuku,
hizo tu duniani,
kitufe chasema Fumua.

Juzi kijana wa Kibarani, aandika barua ya kazi ya bandarini,
alifuta jina la babake kwa kidole cha haraka.
Akashtuka. Akatazama juu, akasoma,
akabofya.
Baba akarudi.
Hakuuliza nani kaliweka neno hilo pale,
nami nilikuwa nikihesabu chenji.

Mwezi wa Rajabu ukanijia ujumbe kutoka Wete:
"Nasikia unayo ile yenye Fumua.
Mke wangu ni mshona kofia. Nipatie."
Nikampa yote, na mistari yake.
Zangu zilibaki tano, zafanya kazi vile vile.

Leo amenirudishia.
Kasawazisha tarehe, zilikuwa zikinisumbua tangu mwanzo.
Kaongeza na neno moja la kwao.
Baya, jamani. Baya kabisa.

Usiku huu nalifumua.