Mwezi Gani

Ramani ya ofisini haikulijua.
Palipokuwa ziwa paliandikwa viwanja
mia moja na arobaini, kitalu D,
na barabara ya mita kumi na mbili
ikipita katikati ya mayungiyungi.

Ilikuwa Februari, nyuma ya Mwasonga,
jua limekaa juu ya mikorosho kama linatudai.
Mimi nilikuwa mshika mkanda.
Bwana Ngulangwa alishika kalamu,
na Mrisho alibeba zege la bikoni kichwani
akiulaani mchanga, ule mweupe wa Kigamboni
unaomeza mguu hadi kifundo
kisha unabaki na kiatu.

Ziwa lenyewe si kubwa. Ukiita mbuzi wako ng'ambo hii,
mbuzi wa ng'ambo ile hugeuka.
Matete upande wa magharibi, mabua ya mpunga uliokwisha kuvunwa,
majimbi yenye majani ya kujikingia mvua,
na kulasitara mmoja, kwa mguu mmoja,
kama mlinzi aliyesahauliwa na kampuni yake.
Maji ni chai ya rangi iliyopoa.
Hayana chumvi. Nilionja.
Bahari iko mwendo wa sigara mbili tu kutoka pale
na hayajawahi kuisikia.

Bi Sikudhani Pongwa alikuwa akitega migono,
kanga kaifunga juu ya magoti, tope limemvika soksi.
"Shikamoo mama. Eti, mpaka wa ziwa uko wapi?"
"Marahaba." Akausukuma mgono ndani ya matete,
akaukanyaga, akajifuta.
"Mwezi gani?"

Ngulangwa akacheka. Akarudia swali polepole,
kama anayemsemesha kiziwi.
Mama naye akarudia lake, polepole vilevile.

Kisha akatuonesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na samaki:
Septemba, pale penye kisiki.
Vuli ikiwa na adabu, kwenye mgomba wa pili.
Masika (hapo akageuka mwili mzima), masika hunibishia hodi.
Mwaka aliozaliwa Tausi wangu liliingia hadi jikoni,
likazima moto, likakaa siku tisa,
likaondoka likiniachia perege chini ya kitanda.
"Sikulifukuza. Mimi nakwenda kwake kila siku ya Mungu,
nalo likija mara moja, ndiyo iwe kesi?"

Tulipima hivyohivyo. Mkanda haujui kungoja.
Nikashika ncha, Mrisho akachimba,
bikoni ikasimama kwenye nyasi kavu
na namba yake mbichi, D 417.
Mama akaja kuitazama
kama utazamavyo mgeni aliyevua viatu
kwenye mlango ambao si alikoalikwa.
Akatufungia kambale wawili kwa jani la mgomba.
Hakuongeza neno.

Aprili nilirudi na mnunuzi, bwana mmoja wa Tabata,
hati ndani ya nailoni, miwani mipya.
Mvua ilikuwa imekesha. Njiani tulikuta kambale wanavuka,
wanajikokota kwa mapezi, wanapiga tope kwa mikia,
wala hakuna aliyewauliza kibali.
"Kiwanja changu kiko wapi?"
Nikanyoosha kidole kwenye maji.
Yungiyungi moja lilikuwa limefunguka, jeupe,
juu ya mahali nilipodhani ndipo.
Sikuwa na hakika.
"Tutajaza kifusi," akasema, akaanza kuhesabu malori kwa sauti:
thelathini, arobaini...
Kule ng'ambo moshi ulitoka jikoni kwa mama,
na maji yamefika kizingitini, yamesimama hapo
kama mtu anayesubiri aitikiwe.

Kwenye daftari la kazi kuna safu: Mpaka wa maji.
Niliandika nilichojibiwa, maneno mawili
na alama ya kuuliza.
Ofisi imelirudisha kwa wino mwekundu: Rekebisha.

Liko hapa mezani, limefunguliwa.
Ni Mei, usiku, huku kwetu Mbagala,
maji yameanza kupita chini ya mlango.
Nimeinua viatu.
Ufagio nimeuacha ulipo.