Mizani Kumi na Saba

Tangu transfoma ilipuke Jumatatu,
na fundi yuko Mokowe, asema anasubiri boti,
na boti yasema inamsubiri yeye,
kibanda changu cha kutuma pesa kimelala.
Nina kalamu. Nina kitabu cha risiti.
Nahesabu kwa vidole: tano, saba, tano.

    Giza Langoni,
    simu zakata roho:
    tumeonana.

Jirani yangu Bi Rukiya hana raha.
Tamthilia ya Kituruki ilikatika pabaya:
bi harusi kashika gilasi, mama mkwe anatabasamu,
puu! kioo kikawa cheusi.
Mtaa mzima hatujui kama yu hai.
Mimi nimempa siku moja ya bure:

    Sumu kinywani,
    giza likamwokoa
    mpaka kesho.

Ami Bwanaheri kaja kutuma pesa ambazo hazitumiki,
kaiona risiti, kaishika mbali na uso.
“Mato yangu yamezeeka, au hapa pana upungufu?
Vina vi wapi? Kibwagizo ki wapi?”
Nikamwambia ni haiku, ya Kijapani, mizani kumi na saba.
“Jumla?”
“Jumla.”
“Mshororo wangu mmoja una kumi na sita!
Shairi lako zima limenizidi moja.
Huku ni kumwalika mtu pilau ukampa harufu.”

Ami, harufu ndiyo humleta mgeni mlangoni.
Hakunijibu. Alivuta kigoda.

Nikamsomea ya Famau, mtoto wa dada,
aliyekwenda pwani ya hospitali na kijiti cha simu
kucheza ile densi ya mabega inayochezwa na kila mtu mwezi huu.
Watazamaji elfu tisa, wote wauliza jina la yule wa nyuma:

    Ajirekodi,
    punda kapita nyuma:
    nyota ni punda.

Ya mpira, kwa Twalibu, ambako jenereta ilikufa dakika ya tatu
na mashabiki wakaimaliza mechi wenyewe kwa mdomo:

    Mechi gizani:
    kila mtu kashinda,
    bao sufuri.

Uso wake mkavu kama mkate wa juzi.
Basi nikamtolea ya uchaguzi mdogo,
lile bango la mheshimiwa lililobandikwa kwa uji wa ngano
(nani hubandika kwa uji mahali penye mbuzi?):

    Bango la kura:
    mbuzi kala na meno,
    kasaza “Nita…”

Ami alikohoa.
Alikohoa tena, akageukia ukuta,
mabega yakicheza densi ya Famau.
Akaondoka bila kuaga, na kalamu yangu.

Leo asubuhi fundi katua gatini, kashangiliwa kama timu ya taifa.
Saa mbili baadaye bado twapepea kwa makuti.
Ami akapita, akaweka karatasi juu ya meza,
akajifanya anatazama bei ya betri:

    Fundi kafika,
    kasahau bisibisi
    iko Mokowe.

Nilihesabu. Nikahesabu tena, vidole vikanizidi.
“Ami, wa kati una nane.”
“Nane ndiyo heshima,” akasema,
“hizo saba zenu zinachechemea.”

Sikuifuta. Nimeinakili nyuma ya risiti mpya.
Mteja: Bwanaheri.
Kiasi: kumi na nane.
Anadai moja.