Konde la Siagi

Fomu ya ruzuku imefika pamoja na mvua ya Jumanne.
Kila konde, wanasema, liandikwe kwa nambari yake:
elfu mbili mia nne na tatu, elfu mbili mia nne na nne,
kama wafungwa wanaoitwa gwaride.
Baba anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati.
"Sina konde liitwalo elfu mbili," anasema.
"Andika Cae Ffynnon. Wale wa Caerdydd wasipoelewa, wataniuliza."

Basi naandika pembeni, kwa penseli.
*Cae* ni konde. Litamke *kai*,
kwa mkato, kama unafukuza kuku.
*Ffynnon* ni chemchemi, na ng'ombe wanaijua bado,
ingawa babu aliiziba mwaka ule wa theluji ndefu
na maji yakatafuta mlango mwingine chini ya ua wa miba.
Cae'r Odyn ni la tanuri la chokaa:
limebaki shimo, upupu,
na kondoo mmoja mkaidi asiyelala kwingine.
Cae Newydd, Konde Jipya,
jipya tangu kabla ya reli;
hajatokea wa kuliambia kwamba limezeeka.
Na kule juu, ukungu unakoamkia, Cae Pella,
Mbali Kabisa.
Ni mwendo wa dakika ishirini tu,
lakini aliyelibatiza alikuwa na nguzo za uzio begani.

Halafu Cae Menyn.

*Menyn* ni siagi.
Hapa penseli inasita, maana hapa
baba na mwalimu Gwilym Prydderch walikwaruzana
miaka kumi na mmoja,
wakisalimiana kwa kugusa kofia, basi.

Baba alishikilia nyasi:
nyasi za pale ni tamu, bibi yake akishusha siagi
hadi soko la Llanrwst,
ya manjano kama miba ya eithin inapochanua Mei.
"Siagi gani!" mwalimu akasema. "Bonde zima lina nyasi hizohizo."
Alikuwa na nakala ya ramani ya zaka,
kazi ya karani aliyekuja na wino wake
na sikio la ugenini.
"Wenyeji walimwambia *meini*. Mawe.
Karani akasikia njaa yake."

"Na mawe yako wapi?" baba akauliza.
"Nimelima pale miaka thelathini,
sijavunja hata jino moja la plau."

Mwalimu aliutazama mlima kana kwamba utamtolea ushahidi.
Mlima ukanyamaza.
Akafa Februari, deni hilo mkononi.
Baba alilibeba jeneza upande wa kushoto,
ule wenye mteremko.

Aprili, kaka yangu Ieuan alikodi plau ya kuchimba chini zaidi.
Saa nne asubuhi tukasikia kishindo,
kama kengele iliyozikwa imegongwa kwa bahati mbaya.
Jiwe. Refu kuliko mtu, limelala ubavu.
Hatua sita mbele, jingine.
Na jingine.

Baba alikuja na viatu vya mpira, bila koti.
Akasimama mpaka injini ya trekta ikapoa.
"Mjinga yule," akasema, kwa upole ambao sijawahi kumsikia nao.
"Miezi miwili tu. Angengoja miezi miwili."

Sasa moja limesimama langoni,
ng'ombe wanajikuna mgongo hapo,
wamelisugua hadi linang'aa,
nami nikipita huligusa: lina mafuta,
yale ya ngozi zao, yanateleza
kama

(sijamwambia baba).

"Niandike lipi?" namuuliza.
Anakata mkate. Mvua imehamia dirisha la pili.
"Siagi," anasema. "Ndivyo tulivyoliita."
Kisu kinasimama.
"Na chini yake, kwa herufi ndogo,
zile za kunong'ona kanisani, andika mawe."

Kisanduku kimejaa.
Nageuza karatasi.