Herufi Mbili

Patan, mwezi wa mvua. Umeme umekatika mara ya tatu
na jenereta inakohoa uani kama mgonjwa asiyetaka kulazwa.
Nimeshika kichupa cha Prayush, miaka tisa,
homa ya matumbo, siku ya kumi na moja.
Bakteria waliomo wameshakufa; nimewaua mwenyewe,
nikawapasua, nikawatoa uzi.

Uzi huo nikailisha mashine isiyozidi kitana kwa ukubwa,
ikausoma usiku kucha: herufi nne tu,
zikirudiwa na kuvurugwa hadi milioni nne na laki nane.
Hamna nukta. Hamna aya.
Barua ndefu, wala sikuandikiwa mimi.

Nimezoea kuisoma kwa kuruka.
Hapa pameandikwa sumu.
Hapa, namna ya kuvaa joho la sukari
ili walinzi wa damu wampishe wakimdhania mgeni wa harusi.
Hapa, sindano ya kumchoma mlinzi aliyemmeza,
tumbo la mlinzi ligeuke chumba cha kupanga.
Ukali wote huu, kwa kiumbe asiye na jicho.

Kulipokucha nikailinganisha na nyingine za mtaani.
Tuliyadhania maji ya bomba la mawe;
ya majini ilipishana na yake herufi sitini.
Moja tu ilikaribia. Tofauti: mbili.
Kichupa namba thelathini na moja. Nikafungua daftari.

Dilshova Maharjan, miaka sitini na minane. Haumwi.

Dilshova wa achari ya lapsi kwenye ngazi za hekalu,
anayenifungia yangu kwenye jani na kuongeza kijiko,
aliyemlea Prayush tangu mama yake aende Doha kufua mashuka ya hoteli.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema ufanyeje
ikiwa nguo yenyewe ndiyo iliyokufunika utotoni.

Picha ya tumbo ikaonyesha vijiwe vitatu kwenye nyongo,
juu ya vijiwe utando,
ndani ya utando, wenyeji.
Nyongo mkalia ini, na hawa wakamkalia nyongo.

Sikutaka barua ya upande mmoja.
Nikaiuliza damu: jeni zipi zinasema, zipi zimenyamaza?
Damu ya Prayush ilikuwa soko linaloungua,
kila seli ikipiga kelele kwa jina la mwenziwe.
Ya kaka yake Sujal, aliyekula naye sahani moja na asipate hata joto,
walinzi walikuwa mlangoni, mikono wamekunja,
kama waliowahi kuuona uso huu mahali.
Na ya bibi: kimya.
Si kimya cha kushindwa. Majirani waliochoka kugombana
wakagawana ua.
Huenda aliugua akiwa msichana, kabla hapajawa na zahanati,
na mwili ukatia saini suluhu bila kumwita shahidi.

Hayo nasema mimi. Ripoti itasema "mwitikio hafifu."

Nikaenda na Daktari Bajracharya, viatu tukaviacha nje.
Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:
"Nimemuua nani?"
Hakuna, nikamwambia. Prayush jana amekula wali.
Akavitazama viganja vyake, upande huu, upande huu.
"Miaka hamsini wamo ndani yangu," akasema,
"na kodi hawajanilipa hata siku moja."
Tukacheka, watatu, kicheko kibaya kisichojua pa kukaa.

Upasuaji Jumanne. Vidonge wiki nne.
Mitungi ya achari aliimwaga mwenyewe shimoni, wote tukitazama.

Nilipokuwa nikivaa viatu alichuma jani,
akalikunja kwa vidole vinavyojua kazi,
akaninyooshea.
Halafu akakumbuka.
Mkono ukabaki hewani.
Nikalipokea lile jani, tupu, nikalitia mfukoni.
Nimelisahau huko. Limekauka likawa vipande.