Kitanda cha Nne, Sunderland

Saa tisa za usiku, Februari, theluji haijaamua
iwe mvua au ibaki theluji.
Bwana Ridley wa kitanda cha nne
anavuta oksijeni kama mtu anayeonja chai ya moto,
kidogo, kwa tahadhari,
na namba ya kidoleni inasema themanini na saba.

Nimemletea karatasi ya kutia sahihi.
Namweleza kwa Kiingereza changu cha Tanga:
kirusi kilichokuingia kimeanza kuchoka.
Wanaokuunguza sasa ni walinzi wako mwenyewe,
waliokuja kumsaka mwizi
wakaitia nyumba moto.
Kwetu husemwa, kikulacho ki nguoni mwako.
Namtafsiria. Anacheka, anakohoa, namba inashuka.

Alichomelea meli miaka thelathini na mmoja
kando ya mto Wear, hadi karakana ya mwisho ikafungwa.
Pumzi ya kusema hana, anaandika:
"Chuma cha moto ukikipoza ghafla, kinapasuka."
Ndiyo, nasema. Ndiyo hofu yetu.
Tukiwapokonya walinzi silaha mapema, mwizi yumo bado.
Tukichelewa, hakuna nyumba.

Dawa yenyewe ni ya zamani, bei ya andazi,
kidonge kidogo kuliko punje ya dengu.
Mama aliwahi kukimeza kwa ajili ya magoti,
kikamvimbisha mashavu, akagombana na kioo.

Wala si mimi nichaguaye. Kompyuta inapiga kura:
Ridley, apewe.
Bwana Tulloch wa kitanda cha tano, mfuga njiwa wa mashindano,
ambaye mkewe hupiga simu kila jioni
kumtajia njiwa waliorudi,
yeye, huduma ya kawaida.
Naisoma skrini mara mbili, kama hukumu.

Hakuna ajuaye ni yupi kapendelewa;
tungejua, tusingeuliza. Mchana nalielewa hilo vizuri.
Usiku huu nahesabu hatua nne
kati ya kitanda na kitanda,
mkononi kikombe kimoja.

Alfajiri Ridley ana themanini na tisa.
Tulloch naye ana themanini na tisa.
Naziandika zote kwa wino uleule.
Nje gari la chumvi linapita barabarani, polepole.
Ridley ananiashiria nimpe kalamu,
anaelekeza kidevu upande wa pazia,
anaandika:
"Na yeye je?"