Saumu Isiyo na Mwezi

Mama aliniita Saumu: nilizaliwa mwezi wa mfungo,
magharibi, uji ungali wa moto.
Leo nina hamsini na mbili, nimefunga tena,
na mfungo huu hauna mwezi wa kuandama.

Baridi yabisi, ndilo jina lake.
Baridi! Nami vifundo vinaniwaka.

Daktari wa Bombo aliandika kwenye daftari la Hidaya:
ngano, maziwa, mayai, nyanya, biringanya, pilipili.
"Vidonge usiache. Hivi tunavitoa wiki sita,
kisha tutavirudisha kimoja kimoja, tujue nani kaja na kisu.
Kinga ya mwili wako imesahau nani mwenyeji, nani mgeni."
Nikamwambia, daktari,
hata Barabara ya Kumi na Tatu siku hizi hatujuani.

Mimi ni muuza mahamri.
Hidaya anakanda, vidole vyangu vimekataa ngumi.
Hidaya anaonja. Ananiambia iliki imetosha,
nami sina budi kuamini ulimi wa mtu mwingine.

Harusini Makorora nilifungua kimfuko changu cha mhogo
mbele ya sinia la watu.
Mama wa bwana harusi akanuna mpaka leo.
Bi Mwanamkuu akaninong'oneza: "Nani kakufunga?"
Nimejifunga mwenyewe, shoga.

Kila asubuhi naijaribu pete.
Siku ya kumi, iligoma kwenye kifundo.
Siku ya thelathini na tatu ikapita, kwa sabuni.
Siku ya arobaini na moja ikapita kavu,
nikakaa juu ya kibao cha mbuzi nikalia,
nikasingizia kitunguu.

Yai likarudi, likakaa kwa adabu.
Maziwa yakaja, tukasalimiana, yakapita zao.
Lakini nyanya, nyanya ya Lushoto,
niliyokuwa nikiila kwa chumvi kama tunda nikiwa mtoto,
usiku wa pili ilinikamata viganja.
Hidaya akaifuta kwa kalamu nyekundu.
Sikumsemesha hadi mchana, kana kwamba kosa lake.

Limebaki jina moja.
"Ngano lini, mama?"
Kesho.
Juzi pia nilisema kesho.
Najua ninachokiogopa; sikiandiki daftarini.

Alfajiri, karai limeshika moto.
Natumbukiza, nageuza kwa mkono wa kushoto, ule wenye nafuu.
Mahamri yanapanda juu, mashavu yamejaa hewa:
ndicho kitu pekee nyumba hii
ninachopenda kukiona kikivimba.